NYUMBA NA JOTO LA KOBAYI: YA MASISI SI YA WALIKALE



Somo la toleo hili lilianzia kwa wadogo wetu wa darasa la nane. Katika kitabu kimoja cha biblioteka waliona picha ya mjusi mkubwa mwenye miiba kidevuni kama ndevu. Amelala juu ya jiwe ndani ya sanduku la kioo, na taa inamuwakia mgongoni. Wakatuandikia kwenye kipande cha karatasi: "Wakubwa, huyu mjusi iko mugonjwa, ao taa ya muchana ni ya nini? Na sisi tunaweza kufuga wa kwetu vile, ku interna?"

Tulicheka kwanza. Kisha tuliona kwamba swali lao ni kubwa kupita walivyofikiri, maana ndani yake kuna jambo linaloua wanyama wetu wadogo kila mwaka hapa Masisi, na kule Walikale linawaua kwa njia ya kinyume. Jambo lenyewe ni joto. Basi tutajibu juu ya mjusi kwa kifupi, halafu tutakwenda kwa mnyama ambaye wengi wetu tunaye nyumbani, ndiye kobayi.

Mjusi yule wa picha anatoka Australia, katika nchi kavu za ndani, na jina lake la kisayansi ni Pogona vitticeps. Australia haiachi wanyama wake wa porini wauzwe nje kwa biashara, kwa hiyo wale wanaofugwa Ulaya na Marekani wamezaliwa ndani ya masanduku, wao na babu zao. Wanaomfuga wanamtengenezea pahali pa kuotea penye joto la karibu digrii 40, na upande wa pili wa sanduku wanauacha uwe wa baridi zaidi, ili achague mwenyewe. Tena wanamwekea taa nyingine inayotoa mwanga kama ule wa jua usioonekana kwa macho, maana bila mwanga huo mwili wake hautengenezi vitamini D, na mifupa inakuwa laini. Kwa hiyo mjusi wa picha si mgonjwa. Anakula jua la kukopa.

Sababu ni hii. Mjusi, kinyonga, nyoka na chura hawana moto wao wenyewe wa kutosha. Vitabu vinawaita wanyama wa damu baridi, lakini jina hilo linadanganya kidogo: mjusi aliyelala juu ya jiwe saa sita za mchana, damu yake inaweza kuwa na joto sawa na yetu. Tofauti ni kwamba joto lake linatoka nje. Asubuhi angalieni mijusi kwenye ukuta wa darasa. Kabla ya jua kupiga hawaonekani, ao wanatembea polepole kama wazee. Jua likipiga mawe, wanaanza kukimbia.

Basi, tunaweza kufuga mjusi ao kinyonga ku interna? Jibu letu ni hapana. Umeme wa kuwasha taa tangu asubuhi mpaka jioni hatuna, na ukuta wa darasa ni nyumba nzuri kwake kuliko chupa yoyote ya laboratwari. Kinyonga naye, vinyonga karibu wote wa Afrika wamo katika mkataba wa CITES wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya viumbe vya porini. Mwacheni kwenye mti wake. Wale wanaomwogopa hawatakosa kutushukuru.

Sasa kobayi.

Kobayi ni wa kundi la pili, pamoja na sisi watu, ng'ombe na kuku: anatengeneza joto lake mwenyewe ndani ya mwili. Mwili wake unakaa karibu na digrii 38 ao 39, mchana na usiku, mvua na jua. Hahitaji taa. Wengi wakisikia hivyo wanasema, "Kama iko na joto yake, shida ni nini?" Shida ni kwamba joto hilo linapotea, na kwa mnyama mdogo linapotea haraka sana.

Mtakumbuka hesabu hii. Chukua kipande cha mti chenye pande sawa za santimita 1. Ngozi yake yote ni santimita 6 za mraba, na ndani yake ni santimita 1 ya ujazo. Chukua kingine cha santimita 2: ngozi ni 24, ndani ni 8. Wa kwanza ana ngozi 6 kwa kila 1 ya ndani; wa pili ana 3 tu. Joto linatengenezwa ndani, linatokea kwenye ngozi. Kwa hiyo mdogo ana mlango mkubwa wa kupoteza kuliko nyumba yake. Asiyependa hesabu aende jikoni, achemshe kiazi kikubwa na kidogo pamoja, aviweke juu ya sahani, kisha aone ni kipi kitapoa kwanza. Mtoto wa kobayi anazaliwa na uzito wa gramu 60 mpaka 100 hivi. Ni kile kiazi kidogo.

Tena kuna maji. Tuliwaomba wadogo wetu wafanye jaribio moja, na nyinyi mnaweza kulifanya Jumamosi. Jaza chupa mbili maji ya moto sawasawa. Moja uifunge kwa kitambaa kikavu, nyingine kwa kitambaa kile kile lakini kilicholoweshwa. Ziweke penye upepo mdogo, ungoje nusu saa, halafu uzishike. Ile ya kitambaa chenye maji itakuwa imepoa zaidi, maana maji yakikauka yanabeba joto kwenda nalo. Nywele za kobayi zikiloa mkojo ao mvua, yeye ndiye ile chupa ya pili. Kumbukeni chupa hizo mbili, maana karibu kila kitu tutakachosema juu ya nyumba ya Masisi kinatoka humo.

Kobayi hakutoka Afrika. Watu wa milima ya Andes, huko Peru, Bolivia na Ecuador, walimfuga miaka elfu nyingi kabla Wazungu hawajafika kwao, na mpaka leo wanamfuga kwa nyama yake. Wanamwita cuy, kwa sababu ya sauti yake. Ni mnyama wa milimani. Joto linalompendeza ni digrii 18 mpaka 24, na likipita 30 anaanza kuteseka. Jua pia kwamba hana jasho la kumpoza kama sisi.

Sasa tazameni nchi yetu. Hapa Masisi sehemu nyingi zinapita mita 1,500 juu ya bahari, na vilele vinapita 2,000. Ukishuka kwa barabara ya Nyabiondo na Kibua kuelekea Walikale, pale mto Lowa unapopita ndani ya pori, uko chini ya mita 1,000. Mwalimu wa jografia anatufundisha kwamba kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua karibu digrii 6. Kwa hiyo rafiki yako wa Walikale anayelala chumba kimoja nawe hapa interna anatoka katika joto lingine kabisa, ndiyo maana anavaa piluva mbili. Na kobayi mmoja, akipelekwa kutoka kwenu mpaka kwao, anahitaji nyumba iliyogeuzwa.

Tuanze na ya Masisi.

Desturi yetu ni kumwacha kobayi jikoni. Anakaa chini, anazunguka mafiga, anakula maganda na majani yanayoanguka, usiku anajificha nyuma ya kuni. Hatutaki kuwasema vibaya mama zetu, maana desturi hiyo ina akili yake: jikoni kuna moto, mwizi haoni, na mbwa hafiki. Hata Peru wengi wanafuga vile vile. Lakini angalia usiku wa manane. Moto umezimika. Udongo wa chini una maji ya kuosha vyombo na mkojo wa kobayi wenyewe, na upepo unaingia chini ya mlango. Wakubwa wanashindana na baridi hiyo, watoto hawawezi. Asubuhi unawakuta wawili wamekauka karibu na majivu, na watu wanasema, "Ni ugonjwa." Wengine wanasema ni jicho baya la jirani. Sisi tunasema ni udongo ule wenye maji.

Moshi nao unafanya kazi yake. Mapafu ya kobayi ni dhaifu, na anakaa chini karibu na mkojo unaotoa ile harufu kali inayochoma macho, yaani amonia. Moshi juu, amonia chini, baridi katikati: mnyama anaanza kupiga chafya, macho yanatoa uchafu, siku chache amekwisha. Kwa hiyo moto wa jikoni haufai kuitwa nyumba yake. Moto unampa saa nne ao tano za joto, na saa zinazobaki zinamkuta amelowa.

Nyumba inayofaa ni sanduku. Tumelijenga moja nyuma ya jiko la shule, kwa mabaki ya mbao za madawati, na linakaa dume mmoja na majike wanne. Urefu mita 1, upana mita 1. Kuta zina santimita 45 kwenda juu, inatosha, maana kobayi hajui kupanda wala kuruka sana. Kifuniko si kwa ajili ya kumzuia yeye, ni kwa ajili ya paka, panya na nyoka, na kwa ajili ya mikono ya watu. Tumeinua sanduku juu ya miguu mpaka magotini, ili baridi na maji ya chini yasilifikie. Nafasi za mbao za upande unaotoka upepo tumezijaza udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, kama tunavyofanya kwa nyumba za watu. Na katika Masisi mavi ya ng'ombe hayanunuliwi. Upande wa pili tumeacha nafasi juu kabisa, karibu na kifuniko, ili hewa mbaya itoke bila upepo kupiga migongo yao. Hapo ndipo wengi wanakosea: wakisikia baridi wanaziba kila tundu. Hewa isipotoka, amonia inabaki, na kuta zinatoa jasho. Umerudia chupa ya kitambaa chenye maji.

Ndani, chini, tandika majani makavu, nene kama upana wa kiganja. Makavu kweli, yaliyoanikwa, si yale ya asubuhi yenye umande. Kobayi anajichimbia humo, na hewa inayobaki katikati ya majani inashika joto lake kama blanketi. Kila siku toa sehemu iliyoloa, kila juma toa yote. Uchafu huo usiutupe, ni mbolea nzuri kwa shamba la kabeji.

Halafu kuna kitu ambacho wadogo wetu walikiona kama mchezo, na sisi tunaona ndicho kinachookoa watoto kuliko vyote. Ndani ya sanduku weka kijumba kidogo cha mbao ao kitunga kilichopinduliwa, chenye mlango mmoja, kimo cha santimita 20 hivi, chenye giza. Kobayi ni mwoga. Akisikia mguu wa mtu anataka kujificha, na usiku wote wanaingia humo na kubanana. Wanyama watano waliobanana wanakuwa kama mnyama mmoja mkubwa. Kile kiazi kidogo kimegeuka kikubwa, na hesabu ya ngozi na ndani imewasaidia bila wao kuingia darasani. Kwa sababu hiyo pia usifuge kobayi peke yake. Peke yake anasikia baridi, na tena anakuwa na huzuni.

Bado hatujasema juu ya moto wenyewe, ule wa ndani. Moto wa kobayi ni tumbo. Ana utumbo mmoja mpana ambamo vidudu visivyoonekana vinaozesha majani, na kazi hiyo inatoa joto usiku mzima. Mbabula yake iko tumboni, na makala yake ni majani. Kwa hiyo mpe chakula jioni, tena kingi, kabla ya usiku kuingia. Watu wengi wanampa asubuhi wakienda shamba, na jioni wanasema wamechoka. Afadhali kinyume.

Chakula chenyewe: matete, majani ya viazi vitamu, majani ya mahindi, maganda ya maharage, majani ya kabeji kidogo. Yenye umande yaache yanyauke kwanza, maana majani yenye maji yanavimbisha tumbo. Majani ya viazi ulaya hapana, yana sumu. Majani mabichi ya muhogo mchungu hapana vile vile. Sombe inapikwa kwa sababu. Mpe pia kipande cha mti atafune, sababu meno yake hayaachi kukua.

Na mabichi lazima yawepo kila siku, hata kama una nyasi kavu za kutosha. Mwili wa kobayi hauwezi kutengeneza vitamini C, sawa na mwili wa mtu, wakati ng'ombe, mbwa na panya wanaitengeneza wenyewe. Mwaka 1907 waganga wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwapa kobayi nafaka na mkate tu, na kobayi wakapata ugonjwa ule ule uliokuwa unaua mabaharia: ufizi unatoa damu, viungo vinavimba. Kwa njia hiyo watu walianza kuelewa vitamini C. Katika Kifaransa mtu anayejaribiwa kitu anaitwa kobayi. Mjue basi kwamba mnyama mnayemdharau na kumwita panya amesaidia afya yenu.

Tukiwa kwa dawa: usimpe kobayi penisilini ao ampisilini uliyobakiza kutoka dispansari. Dawa hiyo inaua vile vidudu vizuri vya tumboni, na kobayi anakufa kwa dawa mbele ya ugonjwa.

Sasa tushuke Walikale. Ndugu zetu wa huko tusameheni kama tumewaweka nyuma; kwenu jambo ni fupi zaidi, lakini ni kali.

Kule adui ni joto pamoja na hewa nzito ya pori. Mtu anatoka Masisi na kobayi wake watatu, anawajengea sanduku zuri la mbao lililozibwa kama tulivyoeleza, anaweka juu bati, saa nane za mchana anafungua anakuta wamelala chali. Hawakuumwa kitu. Wamepikwa. Nyumba ya Walikale iwe wazi pande zote kwa fito ao mianzi, chini ya mti wenye kivuli, na paa la majani nene, si bati. Chini yake pia weka fito zilizokaribiana, ili mkojo ushuke na hewa ipande. Lakini nafasi isipite upana wa kidole kidogo, maana mguu wa mtoto unaingia na kuvunjika. Miguu ya nyumba iwe mirefu zaidi, sababu ya nyoka na siafu. Wengine wanasimamisha kila mguu ndani ya mkebe wenye maji, na tumeona ni akili nzuri. Kijumba cha kujificha kiwepo, lakini kiwe cha majani, si cha mbao. Chakula usiku, ndiyo, kwa sababu nyingine: mchana wa joto hataki kula. Maji ya kunywa mbele yake wakati wote.

Ukimkuta amejinyoosha, anapumua mbio, mate yanatoka, usimtumbukize mtoni. Mpeleke kivulini, lowesha masikio na miguu yake kwa maji ya kawaida, mpepee, mpe maji kidogo kidogo. Hapo kitambaa chenye maji kinakuwa rafiki. Kitu kilichomuua wa Masisi kinamponya wa Walikale.

Kuna jambo moja ambalo hatutalipitia haraka, ijapokuwa si la kobayi tu. Majira ya baridi, usiku wa Juni na Julai wakati mbingu ni safi, kuna wanaoingiza mbabula ya makala chumbani, wakisema ni kwa ajili ya watoto wa kobayi ao vifaranga walio chini ya kitanda, na tunajua ni kwa ajili yao wenyewe vile vile. Makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gazi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni, mtu anasikia kichwa na usingizi, analala, haamki. Madirisha ya chumba chetu yamezibwa kwa magunia sababu ya upepo, mnajua. Sisi kama kapita tumepewa ruhusa na Bwana Prefe kutoa nje kila mbabula tutakayokuta, hata kama chakula kinaiva juu yake. Msikasirike.

Kwa vifaranga, ambao kweli wanahitaji joto la nje, digrii 32 mpaka 35 juma la kwanza, kisha kupunguza kidogo kila juma mpaka manyoya yaote, chukua bidoni ya maji ya moto, uifunge kwa kitambaa kikavu, uiweke katikati ya sanduku lenye majani, uibadilishe kabla ya kulala na alfajiri. Kama unaye kuku mlezi, yeye anashinda bidoni. Mtoto wa kobayi hahitaji hata hiyo, maana anazaliwa na nywele, macho wazi na meno, na siku ya kwanza ao ya pili anaanza kutafuna majani. Mama anamnyonyesha majuma matatu hivi. Ukimpa pakavu na penye kubanana na wenzake, yeye mwenyewe anamaliza kazi.

Kwa nini sisi wa mwaka wa mwisho, wenye egzameni ya Serikali mbele yetu, tunapoteza stensili mbili kwa ajili ya kobayi? Hesabu na wewe. Jike anabeba mimba siku 68 hivi, anazaa watoto wawili mpaka wanne, na siku ile ile anaweza kupokea dume tena. Tuseme azae mara nne tu kwa mwaka, na watoto wawili tu wabaki kila mara. Majike wanne, watoto 32. Shule ya msingi ya Serikali ni bure tangu 2019, lakini sisi wa sekondari minervali inatungoja kila muhula, na kaye na biki havikuwa bure hata siku moja. Ng'ombe ni wa baba, mbuzi ni wa mjomba, lakini kobayi nyumbani kwetu ni wa watoto na wa mama. Hakuna anayekuja kuomba ruhusa ya kumuuza. Dada mmoja wa hapa shuleni amelipa muhula wa kwanza wote kwa kobayi, na alitueleza kwamba kabla ya kuinua sanduku kutoka chini alikuwa anabaki na mtoto mmoja katika watatu. Sasa anabaki nao karibu wote.

Tena ni mnyama anayekimbia nasi. Tangu 1993 watu wa Masisi wamebeba mizigo kichwani mara nyingi kupita ambazo tungependa kuhesabu, na wa Walikale wameijua njia hiyo pia. Ng'ombe anabaki, ao anachukuliwa. Dume mmoja na majike wawili wanaingia katika kitunga kimoja. Basi tuseme wazi namna ya kuwabeba: kitunga chenye matundu, majani makavu chini, majani mabichi kiasi, kifuniko cha fito kilichofungwa kwa kamba. Usiwafunike kwa shitingi ya plastiki, hata mvua ikinyesha. Funika juu kwa majani ya mgomba, upande uache wazi. Ukifika mahali pa kulala, kabla ya kitu kingine, badilisha majani yaliyoloa. Watu watasema, "Uko na akili? Watu wanatafuta maji, wewe unatafuta nyasi!" Watafute maji, wewe tafuta nyasi. Miezi mitatu baadaye wataomba mbegu kwako.

Juu ya mbegu, mambo mawili ya haraka. Usiache dume akae na binti zake, badilishana na jirani, maana damu ikijirudia watoto wanakuwa wadogo na dhaifu, na mdogo ndiye baridi inamchukua kwanza. Na jike apate mimba yake ya kwanza kabla ya kufikisha miezi sita. Akichelewa, mifupa ya nyonga inashikana na kuzaa kunaweza kumuua.

Kuna wanaosema kobayi ni panya, hawali. Hatuwalazimishi. Wauzie wanaokula.

Sanduku la shule liko wazi kutazamwa kila Jumamosi baada ya kazi za mikono, saa nane na nusu. Wa darasa la saba na la nane waje kwa makundi ya watu watano, bila kelele, na kila mmoja alete majani makavu ya mikono miwili. Wa Walikale tunawaomba zaidi: tunataka kujenga la pili, la fito, kufuata kipimo cha kwenu, na sisi wa milimani hatujui ni fito gani siafu na mchwa hawazipendi. Misumari tunayo. Nyundo iko kwa mlinzi.